Kelele haihesabu makonde: watangazaji wa boksi, na sisi tunaowafasiria



Leo sitaandika juu ya barabara wala bei ya unga. Nitaandika juu ya boksi, na zaidi juu ya watu wanaoitangaza kwenye televisheni. Ninajua kuna watakaosema kwamba mwandishi wenu amekosa kazi. Wasome kwanza mpaka mwisho, kisha waniambie kama hii ni habari ya mchezo tu.

Usiku wa siku ya posho, tarehe 22 mwezi wa pili 2025, mtoto wetu wa Kananga, Martin Bakole, alipanda ulingoni kule Riyadh, Arabia Saudia, kupigana na Joseph Parker wa New Zealand. Katika kambi moja ya wakimbizi wa ndani pembeni ya mji wetu, vijana walikuwa wameunganisha televisheni ndogo na batri ya pano ya jua. Vijana walilipa franki mia mbili kuingia, wazee na mama waliingia bure. Sauti ilikuwa ya Kiingereza. Kwa kuwa mimi nina Kiingereza kidogo, walinisimamisha mbele niwe mfasiri.

Watu walikuwa na matumaini makubwa. Tarehe 3 mwezi wa nane 2024, huko Los Angeles, Bakole alikuwa amemwangusha Mmarekani Jared Anderson katika raundi ya kwanza, halafu mara mbili tena katika raundi ya tano, mwamuzi akasimamisha pigano. Hapa kwetu ilikuwa alfajiri ya Jumapili, na wengine walienda kanisani bila kulala. Kwa hiyo usiku wa Riyadh, kambi nzima ilikuwa inasubiri jambo kama lile.

Watangazaji wa televisheni walirudilia mambo mawili tangu mwanzo. La kwanza, kwamba Bakole aliitwa akiwa na siku mbili tu za kujitayarisha, kwa sababu Daniel Dubois, aliyepaswa kupigana na Parker, aliugua. La pili, kwamba uzito wake ulikuwa mkubwa sana na safari yake ilikuwa ndefu. Walisema hivyo mara nyingi. Mimi sikufasiri hata mara moja. Nilisema: "Bakole anamsukuma Parker! Bakole anaenda mbele! Parker anaogopa!" Watu walipiga makofi. Na mimi nikapendezwa na makofi yale, nikaongeza chumvi.

Katika raundi ya pili, konde la kulia la Parker lilimfikia Bakole kichwani, akaanguka. Alisimama, lakini miguu ilimkataa, mwamuzi akamaliza. Kambini kukawa kimya. Vijana wawili waliokuwa wameweka dau la makuta yao ya kubeba mizigo walitoka bila kusema kitu. Mama mmoja mzee, aliyekaa karibu na mlango, aliniita.

"Mwana yangu, wale wa televizyo hawakuona kama mtoto wetu hakujitayarisha?"

"Waliona, mama. Walisema."

"Sasa wewe, juu ya nini hukutuambia?"

Nikamjibu kwamba sikutaka kuwavunja watu moyo. Akanitazama, akasema: "Siku tulitoka kwetu, kuna mutu wa redio alisema njia iko salama. Yeye pia hakutaka kutuvunja moyo."

Sikupata la kujibu. Mama huyo alipoteza vitu vyote njiani siku ile, na si vitu peke yake. Tangu usiku huo nimekuwa nikisikiliza watangazaji wa boksi kwa sikio lingine. Na kwa kuwa kila wiki vijana wa kartie wananiuliza, "Yaya, ni timu gani inatangaza boksi vizuri kushinda zote?", leo ninatoa jibu langu, na ninajua halitawapendeza wote.

Vijana wengi wanasema timu nzuri ni ile inayopiga kelele. Mtangazaji akipasua koo, wanasema huyo anajua. Mimi ninasema hapana. Kelele haihesabu makonde. Mtu anayepiga kelele kwa kila konde anatuficha konde lile moja lililoumiza kweli. Ukitaka kupima timu ya watangazaji, iulize maswali manne. Je, inanionyesha kinachotokea, au inaniambia tu nifurahi? Je, kuna mtu pale aliyepigana mwenyewe, anayeweza kunieleza sababu? Je, inanipa hesabu ninayoweza kuichunguza? Na pigano likiisha, je, inathubutu kumuuliza mshindi swali gumu? Timu yenye majibu ya yote manne ni chache. Tuzitazame.

Tuanze nyumbani, kwa sababu pigano kubwa kuliko yote lilifanyika katika nchi yetu. Tarehe 30 mwezi wa kumi 1974, katika uwanja wa 20 Mai mjini Kinshasa, ambao leo unaitwa Tata Raphaël, Muhammad Ali alimpiga George Foreman kwa nokauti katika raundi ya nane. Lilipaswa kufanyika mwezi wa tisa, lakini Foreman alipasuka juu ya jicho katika mazoezi, likasogezwa. Lilipigwa karibu saa kumi za usiku, si kwa faida ya watu wa Kinshasa, bali ili Wamarekani waliolipa katika kumbi zao walione jioni. Serikali ya Mobutu iliwahakikishia mabondia wale dola milioni tano kila mmoja. Mwenye nyumba aliamka usiku ili mgeni atazame wakati unaomfaa. Hilo tu ni somo.

Kwenye meza ya watangazaji wa Marekani alikaa Bob Sheridan, aliyesimulia konde kwa konde. Pamoja naye alikuwa Mwingereza David Frost, na Jim Brown, aliyekuwa mchezaji mkubwa wa futiboli ya Kimarekani. Na pia alikuwa Joe Frazier. Fikirini hilo. Frazier alikuwa ameangushwa na Foreman mwanzoni mwa 1973 huko Kingston, Jamaika, akapoteza mkanda katika raundi ya pili. Mwanzoni mwa 1974 alikuwa amepoteza kwa Ali huko New York. Ni wachache sana duniani usiku ule waliojua mikono ya wote wawili katika miili yao ndani ya miaka miwili. Huyo ndiye mtu wa swali langu la pili. Lakini pia alikuwa na deni la moyo kwa wote wawili. Aliyeumizwa anajua mengi, ila si lazima awe mwamuzi mzuri. Sisi wa Ituri tunalijua hilo bila kufundishwa.

Upande wa BBC ya Uingereza alikuwa Harry Carpenter. Yeye, kama wataalamu wengi, alidhani Ali hatashinda. Raundi ya nane ilipofika, mshangao wake ulisikika wazi katika sauti, na hakuuficha ili aonekane mjuzi. Ninamheshimu kwa jambo hilo. Mtangazaji anayekubali hadharani kwamba ameshangaa, ameniambia ukweli mara mbili: ukweli wa ulingo na ukweli wa makosa yake mwenyewe.

Sasa tuende kwa timu ambayo mimi ninaiweka ya kwanza. Ni ile ya HBO ya Marekani, hasa miaka ya 2001 mpaka 2012. Wengi wenu hamukuipata moja kwa moja, lakini mapigano yake yamejaa kwenye simu za vijana. Jim Lampley alikuwa msimuliaji tangu 1988 mpaka HBO ilipoacha boksi mwisho wa 2018. Larry Merchant, mwandishi wa zamani wa magazeti, alikuwa mtu wa maswali. Emanuel Steward, mwalimu wa Thomas Hearns, Lennox Lewis na Wladimir Klitschko, ndiye aliyeeleza sababu. Na Harold Lederman, aliyekuwa mwamuzi wa pointi, alikuwa na kalamu yake pembeni, akiitwa baada ya raundi kadhaa atoe hesabu yake na aseme kwa nini.

Watu wanne, kazi nne. Hakuna aliyevamia kazi ya mwenzake. Lampley alipoona mguu umelegea, alisema mguu umelegea. Steward alieleza kwamba umelegea kwa sababu ya makonde ya mbavuni ya raundi mbili zilizopita. Lederman alisema raundi hiyo ameiandika kwa nani. Na Merchant, pigano likiisha, alipanda ulingoni na kuuliza kile ambacho mtu wa nyumbani, mwenye hasira kwenye kiti chake, angependa kuuliza.

Mkumbuke tarehe 17 mwezi wa tisa 2011. Floyd Mayweather alimwangusha Victor Ortiz katika raundi ya nne, wakati Ortiz alikuwa ameshusha mikono baada ya kuomba msamaha kwa kumpiga kichwa. Sheria ilimruhusu Mayweather. Lakini kila mtazamaji alikuwa na swali moyoni, na Merchant aliliuliza. Mayweather alikasirika, akasema HBO imfukuze mzee yule. Merchant, akiwa na miaka 80, alimjibu kwamba laiti angekuwa kijana wa miaka hamsini nyuma, wangepigana wao wawili. Watu walicheka. Mimi sikucheki jambo hilo. Mayweather ndiye aliyeiingizia kampuni hiyo mamilioni, na bado mtu wa kampuni alimuuliza swali mbele ya dunia nzima. Ni wangapi kati yetu sisi waandishi tunaoweza kumuuliza hivyo mtu anayelipa mafuta ya jenereta ya redio yetu?

Na kwa wale wanaopenda historia ya Kinshasa: George Foreman yuleyule aliyelala chini katika uwanja wetu alikaa miaka mingi kwenye meza hiyo ya HBO kama mchambuzi, huku yeye mwenyewe bado anapigana. Tarehe 5 mwezi wa kumi na moja 1994, akiwa na miaka 45, alimwangusha Michael Moorer katika raundi ya kumi na kurudisha mkanda alioupoteza kwetu miaka 20 nyuma. Lampley, mwenzake wa meza, alitumia maneno mawili tu ya Kiingereza, kwamba jambo limetokea, akayarudia. Hakuongeza mapambo, na hayakuhitajika.

Je, HBO ilikuwa ya watakatifu? Hapana. Kampuni hiyo ilinunua mapigano na kujenga majina ya mabondia wake, na ilikuwa na hamu ya kuona majina hayo yanabaki juu. Steward alikuwa analipwa na mabondia huku anachambua mapigano ya wapinzani wao wa kesho. Hayo ni mambo ya kuyatazama kwa macho mawili. Lakini katika meza ile kulikuwa na Lederman na karatasi yake, na karatasi ndiyo inayonileta kwenye jambo kubwa la leo.

Chukueni mapigano mawili ya Manny Pacquiao wa Ufilipino.

La kwanza ni la tarehe 9 mwezi wa sita 2012, Las Vegas, dhidi ya Timothy Bradley. Waamuzi wawili walimpa Bradley 115 kwa 113, mmoja akampa Pacquiao hesabu hiyohiyo. Lederman alikuwa ameandika 119 kwa 109 upande wa Pacquiao, yaani raundi 11 kwa moja. Ugomvi ulikuwa mkubwa. Shirika la WBO likaweka waamuzi watano walitazame tena pigano hilo kwenye video. Wote watano walimpa Pacquiao, ingawa matokeo hayakubadilishwa.

La pili ni la tarehe 2 mwezi wa saba 2017, Brisbane, Australia, dhidi ya Jeff Horn. Waamuzi wote watatu walimpa Horn. Kwenye ESPN, mchambuzi Teddy Atlas alikasirika sana, akasema mbele ya Horn mwenyewe kwamba Pacquiao ndiye aliyeshinda. Watu wengi duniani walimfuata Atlas, na mimi nilikuwa mmoja wao. WBO ikaweka tena waamuzi watano. Safari hii uchunguzi ulisema Horn alishinda raundi saba, Pacquiao tano.

Munaona? Hasira ileile, neno "wizi" lilelile, mdomoni mwa watu walewale. Mara ya kwanza meza ya watangazaji ilikuwa na haki. Mara ya pili waamuzi walithibitishwa. Kama mimi ni mtazamaji, nitajuaje tofauti? Sitajua kwa ukali wa sauti, kwa sababu ukali ulikuwa sawa. Nitajua tu kama mtangazaji amenipa hesabu raundi kwa raundi, pamoja na sababu, ili nami nirudi nyuma nichunguze. Anayesema "wameiba" bila kuonyesha raundi zipi, ananiomba nimwamini bure. Na katika eneo letu, ndugu zangu, watu wamekwisha kufa kwa sababu ya kuamini bure.

Kuna jambo la ajabu zaidi: Bradley huyo baadaye alikwenda kukaa kwenye meza ya ESPN kama mchambuzi. Mtu aliyepewa ushindi ambao dunia ilimkatalia ndiye alikuwa anatueleza pointi za wengine. Wengine waliona ni kichekesho. Mimi ninaona ni vizuri. Anajua uchungu wa karatasi ya mwamuzi kushinda mtu yeyote aliyekaa pale.

Kwa sisi tuliosoma kwa Kifaransa, kuna sauti ya Canal+. Jean-Claude Bouttier aliyechambua huko miaka mingi, akiwa pamoja na Christian Delcourt, alikuwa bingwa wa Ulaya uzito wa kati. Alijaribu mara mbili kumvua mkanda Carlos Monzón wa Ajentina, 1972 na 1973, akashindwa mara zote mbili. Alifariki 2019. Nilichopenda kwake ni kwamba alizungumza kama mwalimu: taratibu, mguu uko wapi, bega liko wapi. Mtu aliyeshindwa mara mbili na bondia mkubwa haoni aibu kusema kwamba bondia ni mkubwa. Katika orodha yangu, yeye na Delcourt wako nafasi ya tatu.

Nafasi ya pili je? Hapo nitawashangaza. Ninawapa watu wa redio: Mike Costello na Steve Bunce, walipokuwa pamoja kwenye BBC Radio 5 Live. Nyinyi wasikilizaji wa redio mutanielewa haraka. Mtangazaji wa televisheni anaweza kunyamaza, picha ikaendelea. Mtangazaji wa redio akinyamaza, ulingo umezimika. Kwa hiyo Costello alilazimika kusema mkono gani, umepiga wapi, nani amerudi nyuma, sekunde ngapi zimebaki. Bunce naye alijua historia ya kila bondia mdogo aliyepita katika kumbi za Uingereza. Mwaka 2021 Costello alikwenda DAZN, na ukimsikiliza hata kwenye televisheni unasikia bado ule mwiko wa redio wa kutomwacha msikilizaji gizani. Kama munataka kujua mtangazaji ni mzuri au hapana, fanyeni jaribio hili: geukieni ukuta, musitazame picha. Baada ya raundi moja, kama munajua nani amepigwa na wapi, huyo ni mtangazaji. Kama munajua tu kwamba kuna makelele, huyo ni shabiki mwenye mikrofoni.

Sisemi kwamba Waingereza hawana upande. Tarehe 29 mwezi wa tano 2016, mtoto mwingine wa Kananga, Ilunga Makabu, ndugu yake Bakole, alipigana na Tony Bellew katika uwanja wa Goodison Park, Liverpool. Makabu alimwangusha Bellew mwishoni mwa raundi ya kwanza. Bellew alisimama, na katika raundi ya tatu akammaliza Makabu. Mimi nilitazama baadaye kwenye simu. Nilisikia sana habari ya Bellew, timu yake ya Everton na ndoto yake ya utotoni. Habari ya Makabu ilikuwa kidogo, kama mtu aliyeletwa ili ndoto ya mwenzake itimie. Miaka minne haikupita, tarehe 31 mwezi wa kwanza 2020, Makabu alimshinda Michał Cieślak wa Poland mjini Kinshasa na kuchukua mkanda wa dunia wa WBC. Mtu waliyemsimulia kama msindikizaji alikuwa na hadithi yake pia. Hakuwepo tu wa kuisimulia.

Hapa ndipo ninapofika kwetu. Ni rahisi kulaumu wazungu kwa kutusimulia vibaya. Lakini Makabu na Bakole wanatoka Kongo, na sisi Wakongo wenyewe tunawasimuliaje kwa Kiswahili? Tunapiga kelele. Tunasema "Leopard!" na "Mungu yuko na sisi!" Majirani wa Tanzania wamejenga usiku wa ngumi kwenye Azam TV, unaoitwa Vitasa, na wanatangaza kwa Kiswahili tangu mwanzo mpaka mwisho. Wana maneno: bondia, ulingo, raundi, konde, kona, mwamuzi. Hassan Mwakinyo alipomshinda Mwingereza Sam Eggington katika raundi ya pili mjini Birmingham, mwezi wa tisa 2018, Watanzania walikuwa na lugha ya kulieleza jambo hilo kwa mama zao. Sisi tunao mabondia wa kiwango cha dunia, na lugha tunayo, lakini tunaitumia kuombea tu. Ninawasifu Watanzania kwa maneno yao. Na kwao pia ninasema: mtangazaji anayemsifu bondia wa nyumbani katika raundi aliyopigwa anamharibia, maana siku akienda Birmingham au Riyadh hakuna atakayemdanganya.

Kuna wanaonijibu hivi: "Yaya, boksi ni furaha. Watu wa kambi wamechoka na taarifa mbaya. Waache wafurahi usiku mmoja." Jibu hili lina uzito, na silidharau. Mtu aliyelala katika hema la kuvuja miezi na miezi ana haki ya kushangilia bila mwandishi kumharibia. Lakini ninauliza: furaha ile ya usiku wa Riyadh iliishi muda gani? Dakika tano hivi. Halafu watu walipata maumivu mara mbili: kuona Bakole ameanguka, na kujua kwamba mwandishi wao alikuwa na habari akaificha. Kama ningewaambia tangu mwanzo, "Jamani, mtoto wetu ameitwa kwa siku mbili, ni mzito, hakufanya mazoezi ya pigano hili," wangemshangilia vilevile. Pengine zaidi, maana wangejua ukubwa wa ujasiri wake. Na vijana wale wawili pengine wangebaki na makuta yao.

Wengine wanasema kwamba mambo haya ni ya kampuni kubwa, sisi hatuna nguvu juu yake. Ni kweli kwamba mezani kumebadilika. HBO iliacha boksi 2018, Showtime ikaacha mwisho wa 2023. Leo kampuni inayoonyesha pigano mara nyingi imefunga mkataba na mwenye kuandaa pigano, na mtangazaji anajua kwamba kazi yake ni kuuza pia pigano lijalo. Ndiyo maana unasikia kila pigano ni la karne na kila kijana ni bingwa wa kesho. Hatuwezi kubadilisha mikataba ya London na New York. Lakini sauti ya mwisho inayofika sikioni mwa mama yule kambini si ya London. Ni ya mfasiri. Ni ya kijana mwenye mikrofoni katika sale ya video, ni yangu mimi. Hapo mkataba ni wetu.

Kwa hiyo ninaandika hapa mbele yenu ahadi zangu, ili munikamate nazo. Nikisimama tena kufasiri pigano, nitasema kwanza kile mtangazaji alichosema, halafu, nikitaka, nitasema maoni yangu na kuyaita maoni yangu. Baada ya kila raundi nitaandika pointi kwa chaki kwenye ubao, kumi kwa tisa, pamoja na sababu, kila mtu aone na abishane. Mtoto wetu akipigwa, nitasema amepigwa. Na sitauliza nani ameweka dau wapi kabla ya kufungua mdomo.

Wenzangu wa redio za hapa ninawaomba wajaribu hivyohivyo, na si katika boksi peke yake. Tunapopigiwa simu kutoka kijiji fulani na mtu anasema kuna utulivu, tuulize: umeona nini kwa macho yako, saa ngapi, barabara gani? Tukiwa hatuna jibu, tuseme hivyo hewani. Hiyo ndiyo karatasi ya Lederman katika kazi yetu.

Nyinyi wasikilizaji pia muko na kazi. Musitupigie makofi kwa sababu tumepiga kelele. Tuulize: raundi gani? mkono gani? nani amekuambia?

Nilirudi kambini wiki iliyofuata kumtafuta yule mama. Nilimkuta anachambua sombe mbele ya hema. Nilimwambia kwamba nimekosea na kwamba nitaandika juu ya jambo hili. Aliendelea na sombe yake kidogo, kisha akaniuliza kama Bakole atapigana tena. Nikamwambia atapigana. "Utakuja kutufasiria?" Nikasema ndiyo, kama watanikubali.

"Utakubalika," akasema. "Lakini mara hii utakaa karibu na mimi, na kila kitu watasema, utasema."

Nimekubali kiti hicho.